Mvinyo Mkavu na Mume wa Mgodini

Ukitaja mvinyo hapa Shinyanga, wengi wetu tunafikiria kitu kitamu, cha harusini au cha Valentine. Ndiyo maana mvinyo mkavu unapata shida kupendwa. Mtu akionja tu, anakunja uso: "Mbona umechacha?" Wala haujachacha, mpenzi msomaji. Ukavu maana yake hamira imekula karibu sukari yote ya zabibu. Kwa sheria za Wajerumani, chupa iliyoandikwa "trocken" haipaswi kuzidi gramu 9 za sukari kwa lita.

Ninaouzungumzia ni Riesling, mvinyo mweupe wa zabibu iliyotajwa kwenye kumbukumbu za Ujerumani tangu mwaka 1435. Inalimwa kwenye mabonde ya Rhine na Mosel, kwenye ubaridi, hivyo inaiva taratibu na kubaki na ukali wake. Shemeji yangu aliyesoma Mainz alituletea chupa moja, ndefu na nyembamba, ikakaa kabatini miezi kadhaa ikisubiri mgeni wa maana.

Mgeni mwenyewe kumbe ni mume wangu! Tuambizane ukweli: mume akifanya kazi mgodini Geita na wewe ukabaki Shinyanga, anageuka mgeni kwake. Anakuja siku chache za mapumziko, unapika kama sikukuu, anakula, analala. Mazungumzo yenu ni ada, fundi na bei ya bati. Unajua mwenzio mzima, ila hujui anawaza nini.

Jumamosi moja alivuka Daraja la Kigongo–Busisi, lile la kilomita 3 lililofunguliwa Juni 2025, akapitia Mwanza na kufika nyumbani mapema na sato wawili kwenye boksi la barafu. Enzi za kusubiri kivuko tungekula usiku. Nikawapaka chumvi na ndimu, nikawakaanga, nikasonga ugali, nikafungua ile chupa. Kabla ya chakula ulitukunja uso wote wawili. Ulipokutana na sato, ikawa habari nyingine: ule ukali ukakata mafuta, na utamu wa samaki ukaonekana.

Tena mvinyo huu haugugumiwi kama soda. Unaonja, unakula, unatulia. Katika kutulia huko akaniambia, "Mama Junior, shifti za usiku zimenichosha. Nataka kuacha."

Nyumba yetu haijapauliwa, na mshahara wake ndio unaojenga. Jibu kali lilikuwa mdomoni. Nikalimeza, nikamuuliza tangu lini. "Mwaka jana." Mwaka mzima, jamani! Tulikaa mezani hadi saa tano, kila mtu na glasi yake moja, tukipiga hesabu kwenye karatasi. Hatujaamua. Ila sasa akirudi kila mwezi tunakaa na karatasi ile ile, naye habebi tena mzigo ule peke yake kambini.

Sasa tuje jikoni. Mbali na sato, jaribuni sangara wa kuchoma au kuku wa kukaanga. Wanaokula kitimoto wataushukuru zaidi, maana ukali wake na mafuta ya nguruwe ni marafiki wa siku nyingi. Mboga za majani zilizoungwa kwa karanga nazo zinakubali. Nyama ya ng'ombe ya kuchoma itaufunika. Michembe na viazi vitamu vitaufanya uonekane mchachu zaidi, kwa sababu chakula kitamu huuonea mvinyo mkavu. Pilipili iwe kidogo. Kama nyie ni watu wa pilipili kweli, tafuteni "halbtrocken", wenye sukari kiasi.

Unywewe wa baridi, nyuzi 8 hadi 10. Utoeni kwenye friji muda mfupi kabla ya kula. Na anayeripoti kazini kesho alfajiri asiguse, mgodini hakuna masihara na pombe.

Riesling isipopatikana, au pochi ikikataa, Dodoma wanatengeneza mweupe mkavu wa zabibu za Chenin Blanc, nao unakaa vizuri na samaki. Andaeni glasi mbili, sahani moja ya samaki katikati, na simu zote ziacheni chumbani.