Ruhusa ya Kuharibu

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, yuko kidato cha tatu na anataka Raspberry Pi. Ombi lililetwa kwangu kwa kuwa katika ukoo wetu mambo ya waya na umeme huishia kwangu. "Mjomba, ni kompyuta kamili na inaingia mfukoni," aliniambia. Ni kweli. Bodi yenyewe ina milimita 85 kwa 56, ukubwa wa kitambulisho cha taifa. Juu yake kuna matundu ya USB, tundu la waya wa intaneti, mawili madogo ya kupeleka picha kwenye runinga, na ukingoni pini 40 zimesimama kwa safu mbili. Hizo pini ndizo zinazoitenga na kompyuta ya ofisini. Unaunganisha taa, mota au kipimajoto, kisha unaandika programu ya kuviamuru.

Nilianza na bei, kama mzazi yeyote. Toleo la 5 lilipotoka mwaka 2023 liliuzwa dola 60 kwa lenye kumbukumbu ya GB 4, na dola 80 kwa lenye GB 8. Hiyo ni bodi tupu. Chaja yake ni ya wati 27, na chaja ya kawaida ya simu haiipi nguvu yake yote. Bado memori kadi, kibodi, mausi, waya wa runinga, nauli ya mzigo na mambo ya forodha. Ukijumlisha, unaikaribia bei ya kompyuta mpakato ya mtumba pale Kariakoo, yenye skrini yake na betri ya kukuvusha umeme ukikatika. Na umeme si jambo dogo hapa. Bodi hii haina betri, mfumo wake unakaa kwenye kadi, na umeme ukikatika katikati ya kuandika, kadi inaweza kuvurugika ukaanza upya. Kwa hiyo kama haja ni kuandika insha na kuingia mtandaoni, nunua mpakato ya mtumba. Hapo sina mjadala.

Lakini binti hakuomba mashine ya kuandikia insha.

Raspberry Pi ilizaliwa Cambridge, Uingereza, kwa juhudi za Eben Upton na wenzake. Waliona vijana wanaoomba kusoma sayansi ya kompyuta katika chuo kikuu cha hapo wanapungua, na wanaokuja hawajawahi kuichokonoa kompyuta wakiwa nyumbani. Kizazi cha kabla yao kilikuwa na BBC Micro ya mwaka 1981, iliyotengenezwa na Acorn mjini humo humo. Ukiiwasha, ilikusubiri uandike amri za lugha ya BASIC. Kompyuta zilizofuata zilikuwa ghali, zilikuwa za nyumba nzima, na hakuna mzazi aliyetaka mtoto azivuruge. Dawa waliyoichagua akina Upton ilikuwa bei: dola 35. Tarehe 29 Februari 2012 ilipoanza kuuzwa, tovuti za wauzaji zilizidiwa asubuhi ile ile. Walidhani wangeuza kama 10,000. Kufikia 2024 zilikuwa zimeuzwa zaidi ya milioni 60. Kuna jambo jingine dogo, nalo ndilo lililonishika zaidi: Novemba 2015 walitoa Pi Zero ya dola 5, na jarida lao la MagPi la wakati huo liliuzwa likiwa na kompyuta hiyo imebandikwa kwenye jalada, bila malipo ya ziada.

Kompyuta iliyobandikwa kwenye jarida hakuna atakayekugombeza ukiiunguza. Nadhani hapo ndipo ilipo siri ya kifaa hiki kizima, zaidi ya kasi yake na kumbukumbu yake.

Nimekulia nyumba ambamo redio ilifunikwa kitambaa cha kufuma na kuwekwa juu ya kabati, mkono wa mtoto usifike. "Usiguse, utaharibu." Siwalaumu wazee wetu. Redio ile ilinunuliwa kwa fedha ya msimu mzima wa mavuno, na isingenunuliwa nyingine. Umeme nilikuja kujifunza kwa fundi redio wa mtaani, mzee mmoja mpole aliyekuwa na sanduku la redio mbovu ambazo wenyewe hawakuzirudia. Alinisogezea lile sanduku na pasi ya lehemu, akaendelea na kazi zake. Nilichowazidi wenzangu ni hicho tu, vitu vya kuharibu bila kuulizwa na mtu. Watoto wengi wenye vipaji kuliko mimi hawakukipata, na bado naona uchungu nikiwakumbuka.

Sasa, dola 35 zilikuwa nafuu kwa mzazi wa Cambridge. Kwa mshahara wa hapa, dola 60 zinatosha kukirudisha kile kitambaa juu ya mashine. Najua nikimnunulia hiyo nitasimama nyuma ya kiti chake, "taratibu mama, zima kwanza, usiguse hapo", na naye atajua kifaa ni changu, yeye ameazimwa.

Nikamuuliza anataka ifanye kazi gani hasa. "Ijue maji kwenye simtanki yamebaki kiasi gani." Mtaani kwao maji huja kwa zamu. Mama yake hupanda kwenye kigoda akaligonga tangi kwa konzi, kuanzia juu kushuka chini, akisikiliza mlio unapobadilika. Binti anataka kipima kinachotoa mlio usiosikika kwa sikio, ugonge uso wa maji na kurudi, na muda wa safari hiyo ugeuzwe kuwa kina. Nilifurahi mno kusikia hivyo, maana mtoto ameona kazi ya mama yake akataka kuipunguza.

Kwa kazi hiyo inatosha Pico, ya watu hao hao, iliyotoka Januari 2021 kwa dola 4. Si kompyuta kamili. Haina pa kuunganisha runinga wala mfumo wa uendeshaji. Inabeba programu uliyoiandika kwenye kompyuta nyingine, na kaka wa binti anayo mpakato ya zamani inayofaa. Umeme ukikatika na kurudi, inaianza programu yake upya, haina kadi ya kuvurugika.

Na ikiungua? Pini zake ni za volti 3.3, na vipima vingi vya bei ya chini hurudisha jibu kwa volti 5. Anayeanza akiviunganisha moja kwa moja, bodi inaweza kufa bila moshi wala harufu. Nimemchorea jinsi resista mbili zinavyoigawa volti hiyo, na bado natarajia siku moja atasahau. Kosa hilo kwenye bodi ya dola 60 ni kikao cha familia. Kwenye Pico tunaagiza nyingine.

"Kaka, si umnunulie kubwa mara moja, asije akakusumbua tena?" dada aliniuliza. Nilimwambia aache asumbue. Kubwa itakuja kazi itakapoidai. Akitaka kuweka kamera, au akitaka shuleni kwao pawe na maktaba ya masomo isiyohitaji intaneti, kuna programu ya bure ya Kolibri inayofanya kazi hiyo juu ya Raspberry Pi, na wanafunzi huingia kwa Wi-Fi. Siku hiyo nitailipia bila kusita.

Mwaka huu Pi 5 hatununui. Tumeagiza Pico mbili, kipima kimoja na resista za kutosha. Pico ya pili ni ya kuungua, na binti ameambiwa hivyo mbele ya mama yake.