Nyayo Juu ya Boneti

Ukitaka kujua ni gari lipi limerudi mwisho mtaani kwetu, usimwulize mlinzi. Angalia paka wamelala juu ya lipi. Saa nne usiku, gari lililoegeshwa tangu alasiri halina mgeni, lakini lile lililokwama kwenye foleni ya Jangwani likafika usiku lina paka wawili juu ya boneti: mmoja amejikunja karibu na waipa, mwingine amejinyoosha hadi usawa wa taa. Boneti ikipoa, wanahama. Nimewaona wakishuka kwenye gari la jirani na kupanda langu muda mfupi baada ya kuzima injini, bila haraka, kama abiria wanaobadilisha mwendokasi Kimara.

Naishi Magomeni, kwenye mtaa ambao nyumba zimebanana na hakuna mwenye geti la kuingiza gari ndani. Tunaegesha nje, ubavuni mwa ukuta, chini ya mwarobaini. Kwa hiyo gari ni letu kwenye kadi na kwenye deni tu. Likishaegeshwa linakuwa kivuli cha kuku mchana, goli la watoto jioni, na usiku kitanda cha paka ambao hakuna anayekubali kuwa ni wake.

Sababu ya paka kupenda boneti ni joto, na joto hilo si jambo la anasa kwake. Injini ikifanya kazi, maji ya rejeta hufika karibu nyuzi 90, na chuma kile huchukua muda mrefu kupoa. Mwili wa paka wenyewe una nyuzi kati ya 38 na 39, naye hustarehe zaidi hewa inapokuwa kati ya nyuzi 30 na 38. Chini ya hapo mwili wake unaanza kutumia nguvu kujipasha. Sasa fikiria kipupwe, Juni hadi Agosti, kusi inavuma na usiku wa Dar es Salaam unashuka hadi nyuzi 20 au chini yake kidogo. Sisi tunashukuru kwamba tumelala bila feni. Paka anatafuta pa kujiokoa na baridi. Ukichanganya na asili yake ya kupenda kukaa juu, mahali ambapo mbwa hafiki, boneti ya gari lililotoka safari ni mahali ambapo hata mimi ningepachagua kama ningekuwa paka.

Nilipoyajua hayo hasira ilipungua kidogo. Kidogo tu, maana asubuhi nyayo bado zipo. Umande unashuka, vumbi linalowana, na unyayo wa paka, ambao ndio sehemu ya mwili wake inayotoa jasho, unachora maua kuanzia taa hadi kioo cha mbele. Gari jeusi ndilo linaloumbuka zaidi. Kijana wa nyumba ya tatu anaendesha teksi ya mtandaoni, na abiria wake humpa nyota kulingana na walivyoliona gari kabla hata hajafungua mdomo. Yeye akimlaani paka alfajiri siwezi kumwambia ni jambo dogo. Gari ni la mkopo, na nyota zikipungua, safari zinapungua.

Kwa hiyo mtaa mzima umekuwa maabara. Kuna waliomwaga maganda ya machungwa juu ya boneti. Yanafanya kazi mpaka jua la saa tatu liyakaushe, kisha ni takataka. Kuna waliopuliza siki, wakaishia kupanda gari linalonuka kachumbari. Mmoja alinyunyiza pilipili ya unga, na hili sikulipenda hata kidogo, kwa sababu paka husafisha miguu kwa ulimi na uso kwa miguu, hivyo pilipili ile inaishia machoni. Mwingine alining'iniza vidonge vya naftalini, vile vya kabatini vya kufukuza nondo. Hivyo ni sumu kwake. Ini la paka haliwezi kuvunja kemikali nyingi ambazo letu huzivunja bila shida, ndiyo maana hata kidonge kimoja cha paracetamol kinaweza kumuua. Japani, yanakotoka magari yetu mengi, wako wanaopanga chupa za plastiki zenye maji kuzunguka nyumba wakiamini kwamba mng'ao wake unamtisha paka. Paka wanapita tu, na wazima moto wa huko wanaonya kwamba chupa ya maji juani inaweza kukusanya miale na kuunguza kitu. Kava la gari ndilo lililofaa zaidi, ila usilivike gari lenye vumbi: upepo ukilitikisa, linasugua rangi usiku kucha. Na paka hulala juu ya kava pia, tena kwa raha zaidi.

Yupo pia aliyezungumzia sumu. Alisema kwa sauti ya chini, kijiweni, kwamba dagaa kidogo na dawa ya panya vingemaliza kazi kwa usiku mmoja. Walionyamaza walikuwa wengi kuliko waliomkatalia. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa wanyama, lakini kijiweni hakuna aliyeitaja. Aliyeua hoja ile alikuwa mzee mmoja aliyekumbusha hadithi ambayo watoto wa madrasa wa pwani yote wanaijua, ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia bila kumlisha wala kumwachia ajitafutie. Mzee hakuongeza neno. Mazungumzo yakahamia kwenye Simba na Yanga.

Kilichobadilisha mtazamo wangu hakikutoka kijiweni, kilitoka gereji. Kijana wa teksi alilipeleka gari kwa fundi rangi kuuliza gharama ya kupiga polishi, nami nilikuwepo kwa shida zangu nyingine.

"Shikamoo, fundi. Paka wamenimalizia gari."

"Marahaba. Lete kwanza kitambaa unachofutia."

Kijana akatoa tambara kavu chini ya kiti. Fundi akawasha tochi ya simu, akaiinamisha karibu na mlango wa dereva. Ikaonekana mikwaruzo myembamba isiyo na idadi, mizungumizungu, imefunika ubavu wote.

"Huyu paka wako," fundi akauliza, "anatembea mlangoni?"

Tulicheka, lakini maelezo yake yalikuwa mazito. Tabaka la juu kabisa la rangi ya gari, lile la vanishi ambalo mafundi huliita klia, ni jembamba kuliko unywele. Vumbi letu ni mchanga, na chembe ya mchanga ni ngumu kuliko hata kioo. Ukichukua tambara kavu ukasugua boneti yenye vumbi ili kuondoa nyayo, unapiga msasa gari lako mwenyewe kila asubuhi. Nyayo zenyewe hazikuwa na tatizo. Kiganja cha paka ni laini, na akitembea kwa utulivu kucha zake huwa ameziingiza ndani. Ndoo ya maji na sabuni kidogo ingeondoa kila kitu. Kucha anazitoa akiteleza au akishtuka. Na nani anamshtua? Sisi, tunaotoka mlangoni na kandambili mkononi tukipiga kelele. Anaruka, anajisukuma kwa miguu ya nyuma juu ya chuma chenye mteremko, na hapo ndipo mstari mrefu unapochorwa. Kwa maneno mengine, makovu mengi ya magari ya mtaa wetu yalipatikana wakati wa kufuta na wakati wa kufukuza.

Sijaacha kulifikiria jambo hilo, na silifikirii kwa habari ya magari peke yake. Mtaani kwetu kuna nyumba mbili ambazo hazisalimiani. Chanzo ni maji ya kufulia yaliyopita mbele ya mlango wa mwenzao siku moja ya Idi. Maji yalikauka kabla ya adhuhuri. Ila kulikuwa na kuitana mbele ya watu, kukawa na kwenda kwa mjumbe, kukawa na maneno juu ya mama wa mtu, na sasa watoto wao wanapishana kisimani vichwa wameinamisha. Ukiuliza, kila upande utakusimulia maji. Hakuna atakayekusimulia yale yaliyosemwa wakati wa kuyafuta, na mimi naamini yale ndiyo yaliyokwaruza.

Lakini nisionekane nahubiri uvumilivu wa bei rahisi. Kuna hasara ambayo ni hasara kweli. Dume la paka likiinua mkia kwenye tairi, na tairi linalivutia kwa sababu limebeba harufu za mitaa mingine, harufu yake haitoki kwa maombi. Viti vya bodaboda vinachanwa hasa, maana ile ngozi laini ni mahali pazuri pa kunolea kucha, na dereva anayekivika kiti chake gunia kila usiku hamuonei mtu. Wakati wa masika watoto wa paka hupanda kwa chini na kujificha kwenye injini, karibu na mikanda. Hapo asiyegonga boneti kabla ya kuwasha gari anaweza kupata asubuhi ambayo hataisahau. Mimi nagonga. Majirani walidhani nina ushirikina.

Watetezi wa paka, nikiwemo mimi, tulikuwa na hoja moja tuliyoipenda: panya. Panya hutafuna nyaya za gari, na fundi umeme akianza kufuatilia waya uliokatwa, bei ya polishi inaonekana zawadi. Hoja tamu, ila nayo haisimami sawasawa. Utafiti mmoja uliofanyika kwenye kituo cha kuchakata taka huko New York na kutolewa mwaka 2018 ulionyesha kwamba paka waliua panya wachache mno. Panya walijificha zaidi tu. Paka hupendelea windo dogo, na panya mkubwa wa mjini ni mpinzani mwenye meno. Tukizoa taka zetu tutapunguza panya kuliko paka wote wa Magomeni wakiunganisha nguvu.

Habari hiyo ilinisumbua kidogo, kisha nikaona imenifaa. Tulikuwa tunampa paka kibali cha kuishi kwa sababu ya kazi anayofanya, yaani siku kazi isipoonekana, kibali kinafutwa. Nimeyaona mahesabu hayo yakifanywa kwa wazee waliostaafu, kwa mpangaji aliyefukuzwa kazi, kwa shemeji aliyekuja mjini na bado hajapata kibarua. Wahenga walisema paka wa nyumba haingwa, na hawakuweka sharti la panya.

Basi nikaenda kwa bibi wa nyumba ya kona. Yeye ndiye anayewatupia makombo, na kila mtu anajua, na kila mtu alikuwa akimlalamikia mtu mwingine badala yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Umekuja kwa ajili ya paka."

Sikuwa nimelitaja. Nikamwambia ndiyo.

"Hao si wangu. Mimi nakula samaki, na mifupa siwezi kula."

Hoja hiyo haina jibu. Nikamwomba awape makombo nyuma, karibu na jiko lake la mkaa, badala ya barazani mbele ya magari. Akakubali kabla sijamaliza, akaongeza lake: majivu ya pale hubaki na joto hadi usiku wa manane, ataweka na gunia. Wengine wamehamia huko kweli. Wengine bado wanapenda boneti, hasa yule wa kijivu ambaye nadhani anapenda kuonekana. Asubuhi naimwagia boneti maji, naifuta kwa kitambaa kilicholowa, basi.

Kinachobaki ni hesabu ya uzazi. Mimba ya paka huchukua miezi miwili na kidogo, jike moja linaweza kuzaa mara mbili au tatu kwa mwaka, na ukiwaondoa wote leo, wa mtaa wa pili watakuja kujaza nafasi. Njia inayoeleweka ni kuwahasi na kuwarudisha palepale. Madume nayo hupunguza sana ile tabia ya kwenye matairi. Nilimweleza bibi, nikamwambia nimeongea na daktari wa mifugo na kijana wa teksi amekubali kuchangia. Akasikiliza mpaka mwisho huku akichambua mchele.

"Jambo jema," akasema. "Tutaanza na huyu wa kijivu, ndiye mama yao. Sasa atakwenda kwa gari la nani?"

Nikamwambia langu.

"Basi mtandikie kanga kwenye kiti. Nami nakaa naye nyuma, huyu boneti amezoea, lakini ndani hajawahi kupanda."