Staring Hafi

Kabla sijajua sheria yoyote ya shule au ya kanisa, nilijua moja: staring hafi. Nilifundishwa Mutomo, kwenye kibanda cha mabati chenye mabenchi ya mbao, genereta nyuma na tivi moja yenye kisogo kirefu mbele. Kiingilio shilingi kumi. Risasi zingenyesha kama mvua ya Novemba, jengo lingelipuka na yeye yumo ndani, mwenye kibanda angezima genereta kwa sababu petroli imekwisha, na bado hakuna aliyekuwa na wasiwasi. Kesho tungerudi tumkute hai. Sauti ya DJ Afro ndiyo iliyotutafsiria Kichina, Kihindi na Kiingereza cha Marekani kwa pamoja, akichomeka utani wake hadi muvi ya huzuni ikawa kichekesho. Miaka baadaye, wengi wetu tulishtuka kusikia sauti halisi za wale watu.

Kwa hivyo sijifanyi. Mimi ni mtu wa mashujaa, wale wa kuruka na nguo za kubana. Lakini mwendelezo umeniharibia. Mwaka 2018, Avengers: Infinity War iliisha kwa kugeuza nusu ya viumbe wote kuwa vumbi, Spider-Man na Black Panther wakiwemo. Watu walitoka kimya. Mimi pia nilinyamaza, halafu nikiwa kwenye matatu nikakumbuka kwamba muvi nyingine ya Spider-Man ilikuwa imeshapangwa. Utamlilia vipi mtu ambaye mwakani ana kazi? Endgame ikaja 2019, wakarudi wote, wamejipanga mstari. (Najua Tony Stark alikufa. Nimeshaambiwa.)

Halafu Chadwick Boseman akafa kweli, Agosti 28, 2020, kwa saratani ya utumbo, akiwa na miaka 43. Wakanda Forever ilipotoka 2022 niliitazama Nairobi, na kwa mara ya kwanza sheria ya kibanda ilivunjika mbele yangu. Mfalme anakufa nje ya kamera kwa ugonjwa usiotajwa jina. Hakuna risasi, hakuna adui wa kulaumiwa, ni dada mtu tu anayehangaika na dawa ambayo haiwahi. Muvi yenyewe ni ndefu kupita kiasi na wale watu wa majini walinichosha. Dakika zile za mwanzo, hata hivyo, sijaona mwendelezo mwingine ukithubutu hivyo, na huu nao haukuwa na budi.

Lakini Boseman ninayemrudia si yule wa Wakanda. Ni yule wa Marshall, filamu ya korti iliyotoka Oktoba 2017, miezi michache kabla ya Black Panther. Anamwigiza Thurgood Marshall, wakili Mweusi anayefika Connecticut mwaka 1941 kumtetea dereva Mweusi, Joseph Spell, aliyeshtakiwa na mwajiri wake mzungu kwamba amembaka. Kwenye filamu jaji anamruhusu Marshall kukaa mezani, ila asifungue mdomo. Anayesema ni Sam Friedman, wakili wa kesi za bima ambaye hajawahi kusimamia kesi ya jinai. Staring, basi, anakaa kortini akiandika vikaratasi. Na mshtakiwa anaigizwa na mtu anayeitwa Sterling. Sterling K. Brown, yuleyule anayeuawa na ndugu yake kwenye Black Panther. Pale Mutomo tungecheka hadi benchi livunjike.

Niliitazama mara ya kwanza na babu, Kibwezi, Desemba 2018. Lami ya kutoka Mutomo ilikuwa haijaisha na nilifika mwekundu wa vumbi. Laptopu niliiweka juu ya kiti cha plastiki, susu akichambua ndengu kando yetu, nami nikawa DJ Afro wa babu, natafsiri kwa Kikamba, bila utani.

“Huyu si yule paka?” akauliza. Black Panther tulikuwa tumeitazama pamoja Aprili.

“Ndiye, babu. Hapa ni wakili.”

Tukafika pale jaji anapotoa amri yake. Nikaeleza: wakili amekatazwa kuongea. Babu akaniambia nisimamishe.

“Na huyo mwenye kesi, naye amekatazwa?”

“Hapana. Yeye ataulizwa, atajieleza.”

“Basi ana bahati. Mimi sikuulizwa.”

Susu aliacha kuchambua. Nilijua, kama watu wa nyumbani wote wanavyojua, kwamba babu alichukuliwa Nairobi mwaka 1954 akiwa mpakuzi wa mizigo, akarudi 1957. Hatukujua zaidi ya hapo na hakuna aliyeuliza. Sisi nasi hatukumuuliza.

Kwenye filamu za korti za kihistoria, hata zile ambazo mshtakiwa anaonewa wazi, kuna chumba. Kuna kiti cha shahidi, kuna mtu anayeandika yanayosemwa. Hata Kapenguria kulikuwa na chumba. Paul Ngei, Mkamba mwenzetu wa Machakos, alikuwa mmoja wa wale sita waliohukumiwa Aprili 1953 na hakimu Thacker, aliyelipwa kwa siri pauni 20,000. Shahidi mkuu, Rawson Macharia, baadaye aliapa kwamba alihongwa ili aseme uongo. Ilikuwa korti ya kupikwa, lakini leo tunaweza kuisoma, kuikasirikia na kuitengenezea muvi. Maelfu kwa maelfu waliowekwa kambini wakati wa Hali ya Hatari hawakupita kortini kabisa. Karatasi moja, sahihi, lori. Hapo mwandishi wa filamu angeanzia wapi?

Labda London. Mwaka 2009 wazee watano waliishtaki serikali ya Uingereza kwa mateso ya kambini. Mawili ya majina yao, Ndiku Mutwiwa Mutua na Paulo Muoka Nzili, ukiyasikia Kitui au Makueni huulizi ni ya wapi. Wote wawili walihasiwa. Serikali ile ilidai kwanza kwamba deni lilihamia kwa Kenya siku ya uhuru, kisha kwamba muda umepita mno. Katikati ya kesi yakajitokeza masanduku ya faili za kikoloni yaliyokuwa yamefichwa Hanslope Park. Julai 2012 Nzili alisimama kizimbani, akaulizwa. Oktoba jaji McCombe akakubali kesi iendelee, na Juni 2013 zikatangazwa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228.

Babu hakuwa kati yao. Mwaka huohuo mtu mmoja alizunguka vijijini na daftari akisema anaandikisha, shilingi elfu moja kwa kichwa. Babu aliuza mbuzi. Alipewa risiti isiyo na muhuri, na daftari hatukuliona tena. Risiti aliiweka ndani ya Biblia, sijui kwa nini.

Jioni ile, kwa kukosa la kusema, nilimsimulia kwamba Marshall wa kweli alifika Kenya Januari 1960, kwa mwaliko wa Tom Mboya, kabla ya mkutano wa Lancaster House. Kule Kiambu serikali ilimzuia asihutubie mkutano. Akaomba awasalimie watu kwa neno moja tu, akasema “Uhuru!”, umati ukalipuka. Halafu akaenda London, akaandika rasimu ya haki iliyolinda pia mali ya walowezi. Hilo la mwisho linanisumbua hadi leo, ila babu hakuligusa.

“Sitini nilikuwa nimesharudi,” akasema. “Nilikuwa hapahapa.”

Kisha akaongea. Si mengi, na si ya kuandika hapa. Mengine nilimwachia susu, aliyekuwa akiyasikia mara ya kwanza. Betri ya laptopu iliisha kabla ya hukumu na hatukuimalizia. Babu alifariki 2021.

Asubuhi yake, tukinywa chai, alikuwa ameniuliza iliishaje. Nikamwambia Spell aliachiliwa, hakukutwa na hatia. Akatikisa kichwa polepole.

“Kuna pati ya pili?”

“Hakuna, babu.”

“Basi weka ile ya paka.”