Wasee, si kila tumbo ni vidonda

Hapa Kenya kila mtu ni daktari wa tumbo. Sema tu linauma, utaambiwa hivyo ni vidonda, kunywa maziwa, wacha pilipili, punguza mawazo. Mimi niliambiwa hivyo miaka miwili, na hata kliniki ilikuwa ngoma ile ile: dawa za asidi, nenda, rudi, dawa zingine za asidi.

Kumbe ni ugonjwa wa Crohn. Kinga ya mwili inavimbisha njia ya chakula, na inaweza kushika popote, kutoka mdomoni hadi mwisho kabisa. Jina ni la Burrill Crohn, daktari wa New York aliyeueleza na wenzake wawili mwaka wa 1932. Hauambukizi. Na hauletwi na kuruka lanchi, mama yangu akisoma hii.

Wengi unawashika huku chini, kwa hivyo watu wanatarajia kuhara. Wangu umekaa juu, tumboni na pale utumbo mdogo unapoanzia. Sikuwa nahara. Nilikuwa nashiba na vijiko vitatu vya githeri, halafu natapika. Nikapoteza kilo 11 na watu wakanipongeza! "Manze umekonda poa, unakula nini siku hizi?" Wengine wakauliza nani ameniacha.

Jibu lilitoka kwa endoskopi. Kamera ndogo inapitia mdomoni, wanatoa vipande vidogo vya nyama, vinaenda maabara. Huku kwetu lazima pia waangalie TB, juu TB ya utumbo inafanana sana na Crohn, na dawa za kushusha kinga zinaweza kuiamsha vibaya. Kipimo ni ghali, sitadanganya. Lakini pia dawa za miaka miwili hazikuwa za bure.

Sisemi daktari alikosea kuanza na vidonda. Vidonda ni vingi, lazima uanzie mahali. Nauliza tu, mara ya tatu mgonjwa akirudi amekonda zaidi, mbona karatasi inaandikwa kitu kile kile? Kama unatapika kila wiki na kilo zinashuka bila wewe kutaka, muulize daktari: kingine kinaweza kuwa nini?

Tiba ya kuumaliza haipo, kuna dawa za kuutuliza. Zangu zinafanya kazi, juzi nimemaliza sahani nzima ya chapo na ndengu. Na wewe unayenitumia meseji za juisi ya kabeji, asante, lakini zii.