Soko Lilipoungua Nilikuwa Mbali

Naandika haya nikiwa nyumbani Dar es Salaam, nikiwa mzima, na cheti cha shahada ninacho, kile ambacho kuna wakati niliamini sitakishika. Namwandikia kijana wa Kitanzania aliye ng'ambo kwa masomo, ambaye usiku huu anahesabu hela na hazitoshi, na anaogopa kuwaambia wa nyumbani. Nakujua. Yaliyokupata yalinipata.

Mimi ni mtoto wa Kariakoo. Baba alikuwa na kizimba ndani ya Soko Kuu, akiuza mbegu na dawa za mimea. Mama anashona sare za shule nyumbani. Jumapili tunasali Azania Front, pale Kivukoni, na baada ya ibada baba alizoea kutupitisha Feri tununue samaki wa mchana. Hatukuwa matajiri, ila mbegu zilinisomesha. Wakulima wa Pwani na Morogoro walikuwa wakija Kariakoo kila mvua zikikaribia, na faida ya vuli na masika ndiyo iliyolipa ada yangu Marekani, katika jimbo la Ohio, nilikokwenda Agosti 2019.

Mwenye viza ya mwanafunzi ya kule, ile inayoitwa F-1, hawezi kujiendea tu kutafuta kazi mitaani. Ndani ya chuo anaruhusiwa, na masomo yakiwa yanaendelea hatakiwi kuzidisha saa 20 kwa wiki. Mimi nilipakua chakula na kuosha vyombo katika bwalo la chuo. Korona ilipoingia, wanafunzi wengi walirudi makwao, bwalo likapunguza watu, saa zangu zikapungua. Hata hivyo tulivuka, kwa sababu baba alikuwa na kizimba chake.

Kisha ikaja Jumamosi ya tarehe 10 Julai 2021.

Dar ilikuwa usiku, kwangu ilikuwa mchana. Simu ilianza kuingiza video, moja baada ya nyingine. Soko Kuu linawaka. Paa lile la miavuli alilolichora msanifu wetu Beda Amuli, lililosimama tangu 1975, lilikuwa jekundu. Nikampigia baba. Hapokei. Nikampigia mama. Hapokei. Nikapiga tena. Nilikuwa nimesimama katikati ya chumba nimevaa kiatu kimoja, sijui kwa nini.

Baba alipatikana alfajiri ya Dar. Sauti ilikuwa imekauka kwa moshi. "Mama," akaniambia, maana nimepewa jina la mama yake na ndivyo anavyoniita, "sisi wazima. Mzigo ndio umekwenda." Alikuwa ameshaanza kuingiza mbegu za vuli, nyingine kwa mkopo. Bima hakuwa nayo. Siku zilizofuata Waziri Mkuu wa wakati ule, Kassim Majaliwa, alifika sokoni na tume ikaundwa kuchunguza chanzo cha moto. Wafanyabiashara wakaanza kutafutiwa mahali pengine. Lakini baba hakuwa na cha kupeleka huko mahali pengine, na ada ya muhula wangu ilikuwa inadaiwa Agosti.

Hapa ndipo nataka unisikilize vizuri, wewe msomaji uliye kwenye shida. Mimi sikujua kwamba sheria ina mlango. Nilidhani mwanafunzi wa kigeni akiishiwa, amekwisha. Nilipokwenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni pale chuoni, nilikwenda kuaga. Yule mama wa ofisini alinisikiliza mpaka mwisho, akanipa maji, akaniuliza swali moja: umeshamaliza mwaka mzima wa masomo? Nikasema ndiyo. Akavuta kiti.

Akanieleza kwamba mwanafunzi wa F-1 aliyemaliza mwaka mmoja wa masomo, ambaye anafanya vizuri darasani, akipatwa na jambo asilolitarajia na lisilo katika uwezo wake, anaweza kuomba ruhusa ya kufanya kazi nje ya chuo. Mfadhili kufilisika, fedha ya nchi yake kuporomoka, gharama za matibabu, kupoteza kazi ya chuoni bila kosa lake, yote hayo yanahesabika. Ofisi ya chuo huandika pendekezo kwenye hati ya mwanafunzi, ile I-20. Halafu unajaza fomu I-765, unaipeleka Idara ya Uraia na Uhamiaji ndani ya siku 30 tangu pendekezo litolewe, pamoja na ada. Wakati ule ada ilikuwa dola 410, karibu shilingi laki tisa na nusu. Ukikubaliwa unapewa kadi, na ukiwa nayo unafanya kazi popote, ila masomo yakiendelea ni saa zilezile 20. Ruhusa haizidi mwaka mmoja kwa mara moja. Na kabla kadi haijafika mkononi, hugusi kazi yoyote ya nje. Hapo alinitazama machoni, akarudia.

Zile dola 410 zilitoka kikoba cha mama. Wenzake walimpa mkopo kabla ya zamu yake, na wapo waliosema asilipe riba. Baba alizunguka juani kutafuta vielelezo: leseni ya biashara, namba ya mlipakodi, barua ya serikali ya mtaa, picha za kizimba kilichobaki vyuma. Mtu aliyeunguliwa na kila kitu anaombwa athibitishe kwamba aliunguliwa. Alifanya bila kulalamika. Mwezi Agosti maombi yalikwenda, ikaja risiti, na mimi nikaanza kungoja.

Chuo kilikubali nilipe kwa awamu. Awamu ya kwanza ilichangwa na washarika wetu. Nilihama nikaenda kulala sebuleni kwa dada mmoja wa Kenya, Mungu ambariki popote alipo. Septemba ikapita.

Oktoba sipendi kuikumbuka.

Wiki moja, mambo matatu. La kwanza, barua kutoka uhamiaji. Nilidhani ni kadi. Nikaipapasa bahasha kutafuta ugumu wa kadi. Haukuwepo. Walitaka ushahidi zaidi: nani hasa alikuwa analipa ada yangu, na kizimba cha Kariakoo kinanihusu nini mimi wa Ohio. La pili, ujumbe wa ofisi ya fedha chuoni. Awamu ya pili haijaingia, kwa hiyo sitaweza kujisajili muhula wa Januari. Na mwanafunzi wa F-1 asiyejisajili hupoteza hadhi yake, na ukipoteza hadhi, maombi ya kazi nayo yamekufa. Yaani nisipofanya kazi silipi. Nisipolipa sisomi. Nisiposoma siruhusiwi kazi.

La tatu alikuwa mtu. Sitasema ni nani. Ni Mwafrika mwenzetu, mwenye lugha tamu. Alisikia habari zangu. "Dada, watu wote wanabeba boksi hapa. Kuna ghala, usiku. Nitakupa makaratasi ya mtu, utalipwa mkononi. Nani atajua?" Alitaja kiasi kwa wiki. Kilikuwa kinatosha. Alisema nimjibu kesho.

Usiku ule sikulala. Baridi ilikuwa imeanza. Kabatini kulikuwa na mchele. Mchele tu. Nilikaa sakafuni bafuni, ili yule dada asinisikie. Nililia bila sauti. Nikajaribu kusali. Maneno hayakuja. Nikasema, Baba. Basi. Nikasema tena, Baba. Nikawaza kurudi. Nauli sina. Nikawaza kukubali ghala. Nikaona askari. Nikaona mama anaambiwa. Kuna wazo lingine lilinijia usiku ule, na silitaji, ila kama na wewe limekujia, tafadhali amka sasa hivi umwamshe mtu aliye karibu nawe. Mimi niliinuka. Nikapiga simu.

Dar kulikuwa kumeshakucha. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Mbona sauti hivyo?" Nikamwambia. Yote. Mpaka mchele. Mpaka lile wazo. Mama alinyamaza. Nikasikia anamwita baba. Kisha akasema, taratibu, "Hilo ghala usiende. Wewe usiende. Sisi hatujafa." Baba akachukua simu, hakuniuliza neno. Alianza kusali kwa sauti, palepale, na mama akaitikia, na mimi sakafuni nikaitikia. Kulipopambazuka kwangu nilimwandikia yule mtu: hapana, asante.

Leo najua zaidi nilichoepushwa. Mwanafunzi akikutwa anafanya kazi bila ruhusa, kumbukumbu zake hufungwa katika mfumo wa serikali, hapewi hata siku za kujiandaa kuondoka, na kutumia makaratasi ya mtu mwingine ni jinai kamili. Usiku ule sikuyajua yote hayo. Nilishikwa na sauti ya mama tu.

Familia ilisimama. Shangazi wa Kigamboni alivuka na pantoni asubuhi na mapema, akiwa na fedha za shamba alizouza, akampa baba palepale Kivukoni. Mama akauza cherehani moja kati ya mbili. Awamu ya pili ikaingia. Baba akaenda benki, akapewa taarifa za akaunti za tangu 2019, kila pesa iliyotoka kwake kwenda chuoni ikiwa na tarehe yake. Hizo ndizo zilizojibu swali la uhamiaji: aliyekuwa analipa ni huyu, na riziki yake ni ile iliyoungua tarehe 10 Julai.

Kadi ilifika Desemba 2021. Safari hii bahasha ilikuwa na ugumu. Nikapata kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, zamu za jioni na mwisho wa wiki, na wakati wa likizo niliruhusiwa kufanya saa zote. Ruhusa ilipokaribia kwisha niliomba upya mapema. Nilimaliza masomo Mei 2023. Baba sasa ana duka dogo la kupanga Mtaa wa Tandamti, mbegu zilezile. Cherehani ya mama tuliinunua upya kwa mshahara wangu wa kwanza hapa nyumbani.

Sijapona kabisa. Mpaka leo bahasha ya serikali ikiletwa kazini, hata iwe ya mtu mwingine, mikono inapoa. Moto ukitajwa kwenye taarifa ya habari, nampigia baba kwanza. Mume wangu ameshazoea.

Najua si nyote mko Marekani, na kila nchi ina utaratibu wake. Kanada, hadi 2014 mwanafunzi alihitaji kibali cha pekee kufanya kazi nje ya chuo. Siku hizi mwanafunzi anayetimiza masharti haombi tena, na tangu Novemba 2024 kikomo ni saa 24 kwa wiki wakati wa masomo. Australia ni saa 48 kwa wiki mbili. Usichukue habari ya mtu wa nchi nyingine ukaifanyia kazi kwako. Uliza ofisi ya chuo chako. Kama uko Marekani, jua pia kwamba ada ya fomu ilipanda Aprili 2024, basi hakikisha kiwango cha sasa kabla hujatuma, na tunza kila karatasi ya benki inayoonyesha nani anakulipia. Waambie wa nyumbani wazitunze na wao.

Kesho asubuhi, kabla ya kipindi cha kwanza, nenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni ukawaambie hali ilivyo, hata kama huna karatasi hata moja mkononi. Atakayekuletea makaratasi ya mtu, mkatalie. Na usiku huu, kabla hujalala, wapigie wa nyumbani uwaambie ukweli.