Sahani ya Mbwa: Sufuria ya Nyumbani na Krokete ya Mfuko

Mtu akipita Kingi, katika milima ya Masisi, atahesabu ng'ombe, atasifu maziwa, na atanunua fromaji ya mviringo apeleke Goma. Mbwa mwenye kulinda hao ng'ombe usiku, huyo hamuoni. Na akimuona, ni kwa kumtupia jiwe. Ndiyo maana katika kitabu hiki cha desturi zetu, wakati ndugu wengine wanaandika juu ya mahari, matanga na ngoma, sisi tumeomba nafasi ya kuandika juu ya chakula cha mbwa. Wasomaji wasicheke upesi. Namna nyumba inavyolisha mbwa inaonyesha namna nyumba ile inavyogawa chakula, na mambo ya kugawa chakula ndiyo yanajenga au yanabomoa jamaa.

Tuanze na namna ya wazee. Kwetu mbwa hakuwa na sufuria yake. Alikula ile tunakula: bugali ya mahindi na mchuzi wa maharage, viazi vilivyobaki, ndizi, ukoko wa chungu uliolowekwa kwa maji ya moto. Nyumba zenye ng'ombe zilimpa maziwa kidogo, na wale wenye kutengeneza fromaji walimpa yale maji yanayobaki baada ya maziwa kuganda. Siku ya kuchinja alipata matumbo na mifupa. Zamu yake ilikuwa ya mwisho: kwanza watoto na wazee, kisha wakubwa wengine, kisha mbwa. Lakini ya mwisho si kusema hakuna. Mama yetu alikuwa anasemaka: «Mukilaza mbwa na njaa, mwizi ndiye atashiba.» Kila jioni alibakisha konde moja la bugali pembeni ya mafiga, na hakuna mtoto aliyethubutu kuligusa.

Kwa wakwe zetu wa Walikale, upande wa Wanyanga, mbwa alikuwa mkubwa zaidi, maana kule pori ni pori kweli. Mbwa wa kuwinda walifungwa kengele ya mti shingoni ili mwindaji asikie wanapita wapi ndani ya majani. Mbwa wa asili wa misitu ya Kongo habweki sana kama mbwa wengine. Pasipo kengele utampoteza. Nyama ikianguka, mwenye mbwa anapata fungu lake hata kama yeye mwenyewe alibaki nyumbani na mguu unaouma, na mbwa naye anapewa sehemu ya ndani palepale, mbele ya watu wote. Asubuhi ya kuwinda hawamshibishi, kwa sababu mbwa mwenye tumbo zito hakimbii. Akirudi ndiyo anakula. Hiyo ni haki ya kazi, na watoto waliona kwa macho yao kwamba aliyefanya kazi anakula.

Sasa, krokete. Katika mji wa Goma, magazini makubwa yanauza mifuko yenye picha ya mbwa. Zamani wanunuzi walikuwa wageni wa ONG. Leo ni watoto wetu pia, wenye kujenga Himbi na kufuga mbwa wa kizungu kwa ajili ya ulinzi. Mdogo wetu mmoja ni wa hao. Siku moja alitutumia nusu ya mfuko huku Kingi, ili mbwa wa nyumbani naye «akule muzuri». Muzee alichukua mbegu tatu mkononi, akazinusa.

«Hii ni nini? Mbegu ya kupanda?»

«Hapana baba, ni krokete. Chakula ya mbwa.»

«Mbwa iko na chakula yake peke yake? Basi kesho ataomba na kitanda yake.»

Tulicheka, lakini neno lile lilikaa. Kwa muzee, mbwa anayekula kwenye mfuko wake ametoka katika jamaa. Si mwenzetu tena, ni mgeni wa kulipiwa. Kwa mdogo wetu, mbwa anayekula mabaki ni mbwa asiyependwa. Wote wawili wanampenda mbwa, na kila mmoja anaona mwenzake anamtesa. Tangu siku ile tumetafuta kujua, tumeuliza waganga wa wanyama na tumesoma. Haya ndiyo tuliyoyapata.

La kwanza: krokete si desturi ya kale ya wazungu. Babu zao nao walimpa mbwa mabaki ya meza. Biskuti za kwanza za kuuza kwa ajili ya mbwa zilitengenezwa London na Mmarekani James Spratt, karibu na mwaka 1860. Na krokete za leo, zile za kuvimbishwa kwa mashine yenye joto na mkandamizo, zilifika sokoni Marekani mwaka 1957 na kampuni ya Purina. Wako wazee wetu waliozaliwa kabla ya krokete. Basi mtu asituambie kwamba bugali ni ya ushamba na krokete ni ya ustaarabu.

La pili: bugali haimkosei mbwa. Mwaka 2013 wataalamu wa Uppsala, Sweden, walionyesha kwamba mbwa ana nakala nyingi za jeni ya kuyeyusha wanga, kuliko mbwa mwitu wa Ulaya anayefanana naye. Ni kusema, mbwa alipokaa na watu wenye kulima, tumbo lake lilijifunza kula ya wakulima. Kwa hiyo konde la mama yetu halikuwa kosa.

La tatu: bugali peke yake haitoshi. Hapo krokete inatushinda, maana ndani ya krokete nzuri protini, mafuta, madini na vitamini vimepimwa. Mbwa wa bugali tupu miaka yote anakonda mgongo, manyoya yanasimama, na watoto wake wanazaliwa dhaifu. Lakini dawa yake tunayo nyumbani. Sambaza za ziwa Kivu, hata zile ndogo zilizovunjika ambazo wamama wa soko wanauza kwa bei ya chini, ni protini. Yai ni protini. Maharage yaliyoiva sana yanasaidia. Ganda la yai lililokaushwa na kusagwa, nusu ya kijiko kidogo, lina kalisiamu karibu gramu moja, na mbwa asiyepata mifupa anaihitaji.

La nne: yako mambo ambayo wazee hawakuyaona kuwa hatari, nasi leo tunayajua. Kitunguu na vitunguu saumu vinaharibu damu ya mbwa. Basi mchuzi wenye vitunguu vingi si wake. Mifupa ya kuku iliyopikwa inapasuka kama miiba. Maini na mapafu yenye malengelenge ya maji, ambayo wachinjaji wanayatupa, asipewe kamwe, kwa sababu ndani yake mnakaa mnyoo ambao mbwa ataurudisha kwa watoto wetu kwa njia ya mavi yake. Na juu ya yote, mahindi yenye kuvu. Masisi inanyesha sana, mahindi hayakauki, na tabia yetu ni kusema: «Hii imeoza, tupatie mbwa.» Kuvu ile inatoa sumu ya aflatoksini yenye kuua ini. Kenya mwaka 2004, sumu hiyo iligonjwesha watu 317, na 125 kati yao walikufa. Mbwa naye hana ini la chuma.

Lakini mwenye krokete asijisifu. Sumu hiyohiyo iliingia katika mifuko: Marekani, mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2021, mbwa zaidi ya 110 walikufa kwa krokete zilizotengenezwa na mahindi yenye aflatoksini. Na mwaka 2007 ilikuwa melamini, kemikali iliyochanganywa katika unga wa ngano kutoka China, hata makampuni yakarudisha mifuko mingi sana. Huku kwetu kuna hatari nyingine: mfuko unafunguliwa sokoni, unauzwa kwa kilo, unakaa katika unyevu, na tarehe ya mwisho hakuna anayeisoma. Krokete iliyofunguliwa miezi mitatu inashindwa na bugali ya jana.

Halafu iko hesabu. Mbwa wa kilo 15, mwenye kutembea na ng'ombe, anahitaji gramu kama 250 za krokete kwa siku. Mfuko wa kilo 15 utaisha katika siku 60. Ni mifuko sita kwa mwaka, kwa mbwa mmoja. Mwenye mshahara wa Goma anaweza. Mchungaji wa Kingi akifanya vile, atakuwa ameuza ada ya shule ya mtoto ili mbwa akule. Hapo muzee ana haki, na hakuna kitabu cha veterineri kitakachomshinda.

Haya yote yangekuwa maneno ya amani, kama amani ingekuwako. Mwaka 2023 vita vilipanda milima yetu, nasi kama wengine tulikimbilia Sake, kisha Bulengo, karibu na Goma. Mbwa mmoja alitufuata. Katika kambi watu walipokea unga, maharage na mafuta kwa kipimo, na kipimo hakikutosha. Usiku tulibishana ndani ya hema. Wamoja walisema: «Mutu iko na njaa, mbwa atakula nini? Mumufukuze.» Wengine walisema huyu analinda mlango wa turubai penye mabinti waliolala. Mama yetu hakujibu mtu. Alikwangua ukoko wa sufuria, akaongeza maji, akampa. Fungu la mtoto hakuligusa hata siku moja. Ukoko haukuwa wa mtu.

Pale ndipo tulielewa desturi yetu. Haikusema mbwa ni sawa na mtu. Ilisema kila mwenye kulala penye moto wetu ana fungu, kubwa au dogo, na zamu yake inajulikana. Krokete ingekuwa na viini vyote, kambini isingefika.

Kambi zile zilivunjwa mwezi wa pili 2025, na wengi wetu tumerudi kwenye mashamba. Tumekuta nini? Mbwa walioachwa. Wale wasiolishwa na mtu kwa miaka miwili wanatembea kwa makundi, wanakamata mbuzi, wanauma watoto. Hapa sahani ya mbwa inakuwa jambo la uhai. Karibu watu wote wanaokufa kwa kichaa cha mbwa duniani, 99 kwa 100, wameambukizwa na mbwa. Na ugonjwa ukishaonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Mbwa mwenye fungu lake nyumbani anajulikana jina, anashikika, anachanjwa. Mbwa asiye na sahani hakuna atakayemfikia na sindano. Na mtoto akiumwa, jeraha lioshwe palepale kwa maji na sabuni dakika 15, kisha apelekwe kwenye kituo cha afya bila kungoja jioni.

Basi shauri letu kwa wasomaji ni hili. Mwenye uwezo anunue krokete, mfuko uliofungwa, asome tarehe, lakini asione aibu kuchanganya na chakula cha nyumbani. Asiye na uwezo apike bugali ya unga mzima, atie sambaza au yai, bila kitunguu, bila pilipili, chumvi kidogo sana. Unga wa kuvu usiende kwa mtu, wala kwa kuku, wala kwa mbwa, uzikwe. Pesa ya krokete isiyopatikana, sehemu yake ndogo iende kwenye chanjo.

Na ninyi vijana mnaojenga mjini, mfundisheni mtoto kumpelekea mbwa chakula chake kwa mkono wake, kila jioni, kwa saa ileile. Kitu kilicho katika sahani kinaweza kubadilika. Konde lile pembeni ya mafiga lisikosekane.