Koti Zito Halishindi Baridi

Ndugu msomaji, nakuomba unisikilize kwa uvumilivu, kwani leo nitakusimulia jambo ambalo kwa miaka mingi nimelificha hata kwa watu wa nyumbani kwangu. Jambo lenyewe ni koti.

Mwaka 2012 mimi na wafanyakazi wenzangu tisa tulisafiri kutoka Dar es Salaam kwenda kupanda Mlima Kilimanjaro. Sisi ni watu wa joto. Baridi tunayoijua ni ile ya alfajiri ya mwezi wa Julai, ambayo huondoka kwa kikombe kimoja cha chai. Kwa hiyo nilipokwenda sokoni kwenye mitumba kutafuta vazi la safari, nilikuwa na kipimo kimoja tu, nacho ni uzito. Nilijiambia kwamba koti lililo zito kuliko yote ndilo litakalokuwa na joto kuliko yote. Nikapata moja la kitambaa kinene, lenye bitana ya pamba, refu hadi magotini. Wenzangu walionunua vijaketi vyepesi niliwacheka, nikawauliza kama wanakwenda mlimani au harusini.

Kicheko hicho kilinitokea puani.

Siku ya tatu tulitoka Horombo, mahali palipo mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, kuelekea kituo cha Kibo, kilichopo zaidi ya mita 4,700. Asubuhi ilikuwa na ubaridi, nami nikajifunga koti langu hadi shingoni. Baada ya saa moja ya kupanda nilikuwa nimelowa jasho kama mtu aliyetoka kuchota maji mvuani. Sikulivua, maana kulibeba mkononi kulikuwa adha kubwa zaidi, na mfukoni halikuingia. Tulipofika kwenye ile tambarare kavu iliyo kati ya vilele vya Mawenzi na Kibo, upepo ulianza kuvuma. Nikaketi juu ya jiwe kupumzika.

Hapo ndipo baridi iliponiingia. Shati lilikuwa limelowa, na bitana ya koti imelowa vilevile. Nilianza kutetemeka, kisha vidole vikakataa kufunga kifungo, na ulimi ukawa mzito hata nikashindwa kumjibu kiongozi wetu aliyeniuliza jina langu. Kijana mmoja mpagazi, mmoja wa hao wajiitao wagumu, alitua mzigo wake kichwani. Akanivua lile koti, akavua na jaketi lake jepesi, akanivika.

“Vaa hili, mzee wangu,” akasema. “Mimi nimezoea.”

Aliendelea na safari akiwa na sweta lililotoboka viwiko. Jioni nilimkuta Kibo karibu na jiko, ameshika kikombe kwa mikono miwili, na chai ikimwagika kwa jinsi alivyokuwa akitetemeka. Ndipo nikatambua kwamba hakuna mtu aliyezoea baridi. Kuna mtu asiye na la kufanya tu.

Usiku wa manane wenzangu waliondoka kwenda kileleni. Koti langu lilikuwa bado bichi, na kiongozi akakataa katakata nisiende. Asubuhi nilimrudishia yule kijana jaketi lake, nikamshukuru, wala sikumwuliza jina. Niliporudi nyumbani nilisema kwamba ugonjwa wa mwinuko ndio ulionirudisha. Ugonjwa huo ni wa kweli na huwapata hata wenye nguvu, kwa hiyo watu walinipa pole. Mimi nikaipokea pole isiyokuwa yangu.

Mwaka huu binti yangu, ambaye wakati ule alikuwa mtoto wa darasa la pili, amejiandikisha kupanda mlima pamoja na wenzake wa kazini. Jioni moja akaniambia, “Baba, naomba lile koti lako la mlimani.” Ndugu msomaji, uongo ni kama deni: hukaa kimya hadi siku usiyoitazamia. Ningeweza kunyamaza, lakini kunyamaza kwangu kungemweka mtoto wangu juu ya jiwe lile lile. Nikamketisha, nikamweleza yote.

Baada ya hapo tulikwenda sokoni pamoja, nami napenda kukugawia yale niliyojifunza, maana hayamhusu mpanda mlima peke yake. Yanamhusu pia mwendesha bodaboda wa Njombe, mlinzi wa usiku wa Mbeya, na kila mtu afanyaye kazi ya jasho mahali pa baridi.

Kwanza, fahamu kwamba nguo haitoi joto. Joto ni la mwili wako, na kazi ya nguo ni kulizuia lisitoroke. Kinacholizuia hasa ni hewa iliyotulia ndani ya nyuzi. Ndiyo sababu jaketi jepesi lililofutuka linaweza kulishinda koti zito lililobanana. Maji yakiingia mahali pa hewa, joto hukimbia mara nyingi zaidi, na pamba ikilowa hukawia sana kukauka. Kwa hiyo fulana ya pamba isiguse ngozi yako mlimani. Vaa ya sufu au ya nyuzi za viwandani.

Pili, jua kilichomo ndani ya jaketi. Yapo yaliyojazwa manyoya laini ya bata. Mmarekani Eddie Bauer alinusurika kufa kwa baridi katika safari ya kuvua samaki wakati nguo zake za sufu zilipolowa, akabuni jaketi la manyoya, na mwaka 1940 akapewa hataza yake. Manyoya hayo ni mepesi na yana joto kubwa, lakini yakilowa hushikamana na kuwa madonge. Kwa sababu hiyo, katika miaka ya 1980 Jeshi la Marekani lilitaka kitu cha kushika nafasi yake, na kiwanda kimoja kikatengeneza nyuzi laini ziitwazo PrimaLoft, ambazo hubaki na sehemu kubwa ya joto lake hata zikipata unyevu. Kwa mtu atakayeketi tu, manyoya ni bora. Kwa mtu atakayetembea, atoke jasho, asimame, kisha atembee tena, nyuzi hizo zinafaa zaidi.

Tatu, lipime kabla ya kulipa. Soma kitambulisho kilichoshonwa ndani. Likunje, ulikandamize kwa ngumi, kisha uliachie: likifutuka upesi, bado lina uhai, likibaki limesinyaa, lirudishe. Liinue kwenye mwanga uone kama kuna sehemu tupu. Inua mikono yote miwili: pindo likipanda juu ya kiuno, upepo utaingia. Hakikisha sweta linaenea chini yake, na koti la mvua juu yake. Zipu ifunguke hata kwa vidole vilivyokufa ganzi. Na likunjike dogo kiasi cha kuingia mfukoni mwa begi, kwa sababu jaketi lisilobebeka ndilo usilolivua.

Nne, na hili ndilo kubwa, lijulie wakati wake. Anza mwendo ukihisi ubaridi kidogo. Ukianza kutoka jasho, livue. Ukisimama tu, livae kabla hujaanza kutetemeka.

Binti yangu alipekua marundo kwa saa nzima, akapata jaketi la nyuzi, jepesi kuliko kanga mbili. Nilikuwa natoa pesa aliponiuliza, “Na yule kijana, baba, alirudi chini amevaa nini?”

Nilimjibu kwamba nilimrudishia jaketi lake. Akanitazama. “Asubuhi,” akasema.

Tulinunua mawili. La pili amelifunga chini kabisa ya begi lake, kwa ajili ya atakayembebea mzigo, ikiwa atamwona hana. Ataondoka mwezi ujao. Mwenge wa Uhuru uliwashwa juu ya kilele kile mwaka 1961, na Luteni Alexander Nyirenda ndiye aliyeupandisha. Nami nitafurahi binti yangu akifika hapo, mita 5,895. Lakini asipofika, namwomba aniambie sababu ya kweli, nami nitampokea.

Nawe, ndugu msomaji, ukienda mahali pa baridi, chagua vazi lako kwa akili, maana kosa lako huenda likalipwa na mwingine. Na kabla ya kuondoka, mtazame anayekubebea mzigo, uone amevaa nini.